Arobaini kwa mia ya nini?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Hapa Kitale ukifika msimu wa mavuno kila mwenye ghala hukumbuka ghafla kuwa anahitaji programu ya mizani, tena anaitaka kabla ya Ijumaa. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala Linux. Naandika kuhusu vyuo, na najua wapo watakaouliza fundi wa kompyuta anaingiliaje mambo ya wahadhiri. Subirini kidogo. Jambo lenyewe mwisho wake ni jambo la hifadhidata, na hapo nina haki ya kusema.

Swali langu ni hili: mwanafunzi akimaliza kozi ya chuo kikuu na kupewa alama 55, hiyo 55 inatuambia anaweza kufanya nini? Mimi nasema haituambii chochote, na si kwa sababu wahadhiri wetu ni wavivu. Ni kwa sababu tunajumlisha vitu visivyojumlishika halafu tunatupa orodha tuliyojumlishia.

Kwanza niwe mkweli kwa serikali. Kwenye karatasi, kazi imefanyika. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilileta Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na viwango vyake vya mwaka 2014 vinataka kila programu ya masomo na kila kozi iandikiwe matokeo yanayotarajiwa. Mwaka 2015 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lile lenye makao Kampala, lilitoa vigezo vya pamoja vya shahada za sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari, ili mhitimu wa Bungoma na mhitimu wa Mwanza wawe na kitu cha kufanana. Kwa hiyo ukichukua muhtasari wa kozi yoyote utakuta ile sentensi ambayo wazazi wa watoto wa mtaala wa umilisi wanaijua kwa moyo: "Kufikia mwisho wa kozi, mwanafunzi aweze..." Halafu kuna orodha.

Kwa lugha yetu ya waandika programu, orodha hiyo ndiyo maelezo ya kazi: mteja anataka programu ifanye moja, mbili, tatu. Mtihani ndio jaribio. Na kila aliyewahi kuandika programu ya kulipwa anajua kuwa maelezo ya kazi na majaribio yasiposemezana, unaweza kupita majaribio yote na bado mteja akakurudia akiwa amekasirika.

Tatizo la kwanza ni vitenzi. "Aelewe dhana za hifadhidata." "Afahamu umuhimu wa usalama wa data." "Athamini nafasi ya mitandao katika jamii." Hebu niambie, ndugu msomaji, utajuaje kuwa mtu hajaathamini nafasi ya mitandao katika jamii? Benjamin Bloom na wenzake kule Marekani walipanga ngazi za kufikiri mwaka 1956, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na tangu hapo vyuo vya dunia nzima vimekuwa na orodha za vitenzi vya kuchagua. Lakini watu huchukua orodha kama vile kuchukua vitambaa vya mapambo. Kipimo changu ni rahisi zaidi ya Bloom: kama siwezi kufikiria mwanafunzi ambaye ameshindwa hilo tokeo, nikamwonyesha kuwa ameshindwa na yeye mwenyewe akakubali, basi hilo si tokeo, ni dua. "Aandike ulizo la SQL linalounganisha majedwali mawili" linaweza kushindwa. "Aelewe SQL" haliwezi.

Vitenzi vinaweza kurekebishwa kwa alasiri moja, kwa hiyo sitakaa hapo. Tatizo kubwa liko kwenye karatasi ya mtihani.

Waliosoma vyuo vikuu vya Kenya wanaijua hii karatasi hata wakiwa usingizini. "Jibu swali la KWANZA na maswali mengine MAWILI yoyote." Swali la kwanza lina alama 30, mengine yana alama 20 kila moja, jumla 70. CAT zinaleta 30. Ukipata 40 kwa 100 umepita. Mfumo huu umeenea hivi kwamba hakuna anayeuliza ulitoka wapi.

Sasa tuhesabu. Tuseme ni kozi ya hifadhidata na ina maswali matano. La kwanza ni mchanganyiko: eleza istilahi hizi, taja tofauti, orodhesha faida nne. La pili ni kusanifu majedwali. La tatu ni kuandika SQL. La nne ni usalama na ruhusa za watumiaji. La tano ni nakala za akiba na jinsi ya kurudisha data mashine ikifa. Mwanafunzi anachagua mawili kati ya manne ya mwisho. Njia za kuchagua ni sita. Kwa hiyo mhadhiri ametunga mitihani sita, anaisahihisha kana kwamba ni mmoja.

Wanjala achague la pili na la tatu. Nekesa achague la nne na la tano. (Majina nimeyatunga, msianze kutafuta.) Wote wapate 55. Cheti kinasema ni watu wa aina moja, ilhali ukiondoa zile istilahi za swali la kwanza hakuna kitu hata kimoja tulichowapima wote wawili. Mmoja hajawahi kuonyesha kuwa anaweza kurudisha data. Mwingine hajawahi kuandika mstari wa SQL mbele ya mtu. Kisha yupo wa tatu, mjanja kuliko wote, ambaye alikusanya 22 kwenye CAT kwa msaada wa marafiki, akapata 18 kwenye swali la kwanza kwa kukariri daftari, yale mengine mawili akaandika namba ya swali na kuchora mstari. Ishirini na mbili na kumi na nane ni arobaini. Amepita hifadhidata, na wala hakuhitaji mwakenya.

Watu wa Kitale mnajua mbegu, kwa hiyo niwape mfano wa nyumbani. Kampuni ya Mbegu ya Kenya iko mjini hapa tangu 1956, na mahindi ya Hybrid 611 yaliyotoka kwenye utafiti wa hapa Kitale yaliwafikia wakulima mwaka 1964. Mbegu haiuzwi hivi hivi. Inapimwa usafi, yaani ni mbegu kiasi gani na takataka kiasi gani. Inapimwa unyevu. Inapimwa uotaji, yaani zikiwekwa penye unyevu na joto ni ngapi kati ya mia zinaota. Kila kipimo kina kiwango chake, na shehena ikianguka kipimo kimoja imeanguka. Sasa fikiria mtu anakuja na shehena yenye usafi wa 98 na uotaji wa 12, anajumlisha, anagawa kwa mbili, anapata 55, anasema hii ni C, ipelekeni Kiminini ikapandwe. Wakulima wangemfuata na majembe. Lakini hivyo ndivyo tunavyotoa alama za kozi, kila muhula, na tunavaa joho kuisherehekea.

Tena kuna jambo dogo pembeni. Siku hizi pakiti ya mbegu ina stika ya KEPHIS, unakwaruza, unatuma namba kwa 1393 na kuambiwa kama mbegu ni halali. Vyuo navyo vinapenda sana teknolojia ya namna hiyo: vyeti vyenye msimbo wa kupiga picha, kuhakikisha kuwa karatasi si ya River Road. Sipingi. Ila stika inajibu kama pakiti ni ya kweli. Uotaji ni swali jingine kabisa.

Nina sababu ya kulibeba hili moyoni. Wanafunzi wa mazoezi ya kazini hupita mezani kwangu, majuma kumi na mawili kila mmoja, kutoka vyuo vya karibu na vya mbali, na vyuo hivyo sitavitaja. Siku ya kwanza nawapa jaribio lile lile. Ni faili la mizani lenye mistari 400: wakulima, magunia, kilo, malipo. Ndani yake kuna wakulima wawili wenye jina moja, na kuna mstari mmoja ambapo mtu ameandika kilo 9000 badala ya 90. Naomba kitu kimoja: nipe orodha ya wakulima ambao hawajalipwa. Nimeona mwenye A ya hifadhidata akitafuta kwa macho, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Nimeona mwenye C akimaliza kabla ya chai na kuuliza kuhusu ile 9000. Sisemi wenye A ni bure. Nasema ile herufi haikunisaidia kujua nimfundishe nini mwanzo, na ndiyo kazi pekee niliyokuwa nikiitarajia kutoka kwake.

Na yule mwenye A hakudanganya mtu. Alisoma, alilipa, alifanya alichoambiwa. Mkopo wake wa HELB hautamuuliza kama aliwahi kuunganisha majedwali mawili, utahesabiwa wote pamoja na riba. Miwa au ng'ombe waliouzwa Bungoma kwa ajili ya karo wameshauzwa. Aliyekuwa na haki ya kuambiwa mapema "hapa bado" ni yeye, na hakuna aliyemwambia.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana nimeahidi.

Mnakijua kijitabu cha kujibia mtihani. Kwenye jalada lake kuna kijedwali: namba ya swali, alama alizopata, jumla chini. Mhadhiri husahihisha, anajaza kila swali, anajumlisha. Halafu anakaa mbele ya kompyuta ya idara na kuingiza kwenye mfumo kitu kimoja tu, jumla. Vijitabu vinafungwa kwa kamba na kwenda stoo. Yaani habari yote tunayoitafuta, nani aliweza nini, ilishapatikana, iliandikwa kwa kalamu nyekundu, kisha ikatupwa. Katika kazi yangu ukikusanya data kwa gharama kubwa namna hiyo na kuhifadhi jumla peke yake, mteja anakufukuza.

Inayohitajika ni majedwali mawili. La kwanza, maswali: swali hili linapima tokeo gani, na lina alama kamili ngapi. La pili, majibu: mwanafunzi huyu, swali hili, alipata ngapi. Kisha:

SELECT mwanafunzi, tokeo, SUM(alizopata) * 100 / SUM(kamili)
FROM majibu JOIN maswali ON majibu.swali = maswali.swali
GROUP BY mwanafunzi, tokeo;

Mistari mitatu. Asiyetaka SQL atumie Excel, ni kazi ya dakika. Kinachotoka si 55 moja bali ni kitu kama hiki: kusanifu majedwali 80, SQL 35, usalama hakuna, kurudisha data hakuna.

Hilo neno "hakuna" ndilo napenda mlitazame. Waandika programu tunatofautisha sifuri na NULL. Sifuri ni "tulipima, akapata bure". NULL ni "hatujui, hatukupima". Ukichanganya hivyo viwili kwenye programu ya benki utafungwa. Karatasi ya "mawili yoyote" imejaa NULL, na mfumo wa alama unazificha zote ndani ya jumla. Ukiendesha lile ulizo kwa darasa zima utashangaa si kwa alama mbaya bali kwa nafasi tupu. Huenda ukagundua kuwa kurudisha data, jambo ambalo siku moja litaokoa au kuua sacco ya watu, limechaguliwa na wanafunzi kumi kati ya mia mbili.

Wanaosema Ulaya na Marekani wana programu ghali za kufanya haya, ni kweli wanazo, na baadhi ya vyuo vyetu vimezinunua au vinatamani kuzinunua. Mimi nauza programu na bado nawaambia msinunue. Anzeni na lile jalada la kijitabu.

Sasa pandeni matatu, kwa sababu mambo hubadilika mkitoka Bungoma kuja Kitale. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoanza 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro na kupewa hati yake Novemba 2015, nacho kinafundisha sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari. Ukija Kitale kupitia Kamukuywa utakuta Politekniki ya Taifa ya Kitale, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2016. Ni asubuhi moja ya safari, lakini kwa upande wa kupima masomo ni nchi mbili. Chuo kikuu kiko chini ya CUE na hutoa alama za mia. Politekniki iko chini ya Sheria ya TVET ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyozaa baraza la CDACC, na mtindo wake mpya ni wa umilisi: kazi inavunjwa vipande, kila kipande kina vigezo, na mkufunzi anatazama ukifanya. Ukishindwa huandikiwi 38. Unaandikiwa kuwa bado hujafikia umilisi wa kipande fulani, unarudi kukifanya.

Kwa maoni yangu huo mpango ni bora kuliko wa chuo kikuu, na inaniuma kidogo kuona watu wa digrii wakiudharau. Mwanafunzi wa umeme hawezi kuambiwa "chagua mawili yoyote" halafu akaacha waya wa ardhini. Nyumba itaungua.

Lakini usinisikie nikisema Kitale kumekamilika. Mpango wa vigezo una ugonjwa wake. Mkufunzi mwenye wanagenzi wengi, vifaa vichache na fomu yenye vigezo sitini anaweza kuweka alama za vema sitini akiwa ndani ya matatu. Mkusanyo wa ushahidi, lile faili la picha na kazi, linaweza kunakiliwa na rafiki. Mwanauchumi Charles Goodhart aliliona jambo la jinsi hii mwaka 1975 akizungumzia fedha za Uingereza: kipimo ukikigeuza kuwa kigezo cha kumdhibiti mtu, kinaanza kuharibika. Waandika programu tunaijua hiyo vizuri. Mwambie mtu atalipwa kwa idadi ya mistari na atakuandikia mistari. Dawa ninayoiona ni uchache. Kozi moja, matokeo manne au matano, basi. Vigezo sitini hakuna anayevipima, vinajazwa tu.

Wahadhiri niliozungumza nao wana majibu yao, na baadhi ni mazito. Kwamba madarasa ni makubwa, wengi wao ni wa muda na malipo huchelewa, nakubali, ndiyo maana siombi wasahihishe chochote zaidi, naomba tu zile namba za jalada ziingizwe zote badala ya jumla. Kwamba kuondoa uchaguzi wa maswali kutaongeza wanaoanguka, huenda ikawa hivyo mwaka wa kwanza. Lakini hao hawakuangushwa na karatasi mpya, karatasi ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiwaficha. Na si lazima mtu arudie kozi nzima. Arudie tokeo alilokosa, kama jirani zao wa politekniki wanavyofanya.

Jibu moja silikubali. Ni lile la "sisi tunapima kwa dodoso mwishoni mwa muhula, wanafunzi wanasema wameelewa". Muulize mtu yeyote ambaye bado hajapewa matokeo yake kama ameelewa. Atasema ameelewa sana.

Yapo pia mambo yasiyopimika: udadisi, uvumilivu, ile hali ya kulala ukiota hitilafu. Nayaheshimu, na ningependa mhadhiri ayafundishe kwa mfano wake. Asiyaandike kwenye orodha ya matokeo kama hana njia ya kuyapima, kwa sababu yakikaa pale yanaifundisha idara nzima kuwa orodha hiyo si ya kuaminiwa.

Muda wenyewe hautoshi sana. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia sekondari msingi mwaka 2023 na sekondari ya juu Januari 2026. Kwa hesabu hiyo litagonga milango ya vyuo vikuu mwaka 2029. Hao ni watoto walioandikiwa tangu darasa la chini, jambo kwa jambo: amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia, yuko mbali na matarajio. Watauliza 55 ni ya nini, na watakuwa wengi.

Kwa hiyo mhadhiri wa Bungoma au mkufunzi wa Kitale akitaka kujaribu kozi moja tu muhula ujao, faili ninalo tayari. Ni la Excel, lina kurasa mbili na ulizo moja, halina nywila wala bei. Anachohitaji kuleta ni maswali ya mtihani wa mwaka jana na vijitabu vilivyoko stoo. Nitakaa naye Jumamosi moja tuone zile nafasi tupu ziko wapi.